Yupo, Upo

Daftari la mahudhurio la shule yetu
lina watoto ishirini na wawili kwa kalamu ya buluu,
na chini yao, kwa nyekundu, kenyua ishirini na mbili.

Kenyua ni mti mfupi wa huku juu,
umepinda kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.
Gome lake jekundu, jembamba,
hubanduka ukurasa kwa ukurasa.
Hauna haraka. Hauna hata nia ya kuwa na haraka.

Babu zao watoto hawa waliletewa mikalitusi,
bure, kwa lori lenye bendera.
Ikakua upesi kama deni.
Chemchemi nyuma ya jiko la shule
ikaanza kunong'ona badala ya kusema,
na chini ya mikalitusi hakuna kilichoota
ila majani yake yenyewe, makavu, yakinuka dawa ya kifua.

Kwa hiyo Desemba ile, wiki ya mwisho ya masomo,
tulipanda, kwenye mvua, kila mtoto mche wake.
Tulipofungua shule Machi nikaanza kuita:
Yeni Wamani? Yupo.
Kenyua ya Yeni? Yupo.

Mkaguzi kutoka Kusko alisimama mlangoni,
kofia mkononi, matope hadi magotini.
"Mwalimu Nelida, mti ni *upo*. Sarufi!"
Darasa likanitazama mimi, si yeye.
Nikasema: Bwana mkaguzi, umepanda mlima saa nne.
Keti kwanza unywe chai.

Mei, kondoo walivunja ua usiku.
Asubuhi niliita majina na kimya kikajibu mara tisa.
Wilber Kispe akasimama bila kuulizwa.
"Ni wetu," akasema. "Kamba ilikuwa fupi, nikafunga vibaya."
Sikumwadhibu. Wala sikumsamehe kwa maneno,
maana hakuomba.
Kesho yake alikuja na jiwe.
Keshokutwa, jiwe.
Alikuwa mtoro, huyu, mtoto wa malisho,
lakini msimu ule hakukosa hata siku moja,
kila siku na jiwe lake kifuani kama mwana mchanga,
hadi kila kenyua ikawa na ukuta wake wa duara
wa kuzuia midomo na upepo.

Juni ikaja na sakitu.
Tulivalisha miche magunia ya viazi.
Eulohia alileta soksi ya bibi yake; nyingine, alisema, bibi anaivaa.
Kati ya zile tisa zilizoliwa, nne zilichipua kutoka kwenye kisiki.
Tano hazikurudi. Bado naziita.
Watoto husema "hayupo" taratibu, kama msibani.

Mwaka wa tatu, Agosti,
baba yake Wilber alimchukua wakashuka bondeni, mbali,
kwenye machimbo, ambako misitu hung'olewa
ili mchanga uoshwe na dhahabu ibaki.
Hakuaga. Kwenye kiti chake niliokota jiwe,
la ukubwa wa ngumi, lisilohitajika popote.
Linashikilia mlango wa darasa sasa, usipigwe na upepo.

Leo, Oktoba, nilikuwa nimefika katikati ya orodha.
Wilber Kispe? Hayupo.
Kenyua ya Wilber?
Hawakujibu. Walikuwa wote dirishani.

Ndege mdogo, mkia mrefu kuliko mwili,
hatujawahi kumwona, sote, hata mimi niliyezaliwa hapa.
Alishika tawi miguu juu kichwa chini,
akafunua ukurasa mmoja wa gome,
akasoma,
akala alichosoma,
akafunua mwingine.

"Yupo, mwalimu," akasema Yeni, bila kugeuka. "Ana mgeni."

Sijui nimwandike wapi.
Mkaguzi anarudi Novemba na anapenda safu zinyooke.
Mstari wa ishirini na tatu ulikuwa mtupu.
Nimechora mkia tu,
ukavuka pambizo.