Jiko la Juu, Mkomani

Fundi Shebwana ingia, chaki hii uchukue,
sakafu nimefagia, chora nami nitambue.
Mwanangu kanitumia, picha eti nichague;
miye juu tapikia, Mkomani wanijue.

Nyeupe hadi pembeni, kama wodi hospitali,
taa imefichwa ndani, kabati za ghali ghali.
Nimetafuta pichani, mbuzi hanayo mahali.
Nikune nazi hewani? Mwanangu, una akili?

Dirisha litoke hapa, kusi ichukue moshi,
gesi nayo tutaipa, pembe yake, si ubishi.
Sinki jirani na pipa, mfereji hautoshi;
nami nikichoma papa, jirani habahatishi!

Na hiki hiki kidaka, usizibe, kiwe vile;
masizi yaliyoshika, ni ya mama, enzi zile.
Marumaru ukiweka, ziishie kule kule.
Taa zikishazimika, chumvi huipata pale.

Sasa kimo chake meza: usinipime kwa futi,
nyonga yangu yaeleza, chaki hapa, katikati.
Mkamwana akibeza (ni mrefu kama mti),
tofali ataongeza, siku nikiacha kiti.

Mbuzi sasa, fundi mwema, mchoree kwa ujuzi,
mlangoni, si kwa nyuma, niko kitako na kazi,
nimwone anayehema, na kapu lake la ndizi.
Bei sasa ukisema, usipande nayo ngazi.