Ndani ya Buti

"Funga," nikamwambia Gethin, "funga nikiwa humu."
Akasita. Ana miaka kumi na minne,
na mama yake amemkanya asichezee vitu vya jirani.
"Nina tochi, nina chaki, nina mto wa kichwa.
Ukisikia nimegonga mara tatu, fungua.
Kabla ya hapo, mwaga maji."

Nikajikunja, mwanamke wa miaka sitini na minane,
magoti kidevuni,
ndani ya buti la gari jekundu la kukunja paa
alilolinunua Idwal mwaka yalipofungwa machimbo,
akalizungusha Blaenau nzima kichwa wazi,
katika mji ambao jua huja kama mgeni wa heshima:
halijaketi, limeshaaga.

Miaka kumi na tisa tulipigana na maji yale.
Tairi la akiba liliishi dimbwini kama chura.
Zulia lilinuka mbwa, nasi hatukufuga mbwa.
Idwal aliapa ni paa. Siku zote ni paa.
Alilishona, akalipaka nta, akalitukana kwa Kiwelisi,
na kila Jumamosi akayachota maji kwa kikombe cha chai,
akayamwagia mawaridi. Nayo mawaridi,
lazima niseme kweli, yalinawiri.

Sasa maji yanaanza juu yangu,
kwanza vidole, kisha viganja, kisha mtu anayedai chake mlangoni.
Giza la buti linanuka sarafu za zamani.
Natambaza tochi kwenye maungio.
Penye pembe ya paa, pakavu. Penye bawaba, pakavu.
Nyuma ya taa, pakavu kama koo la mhubiri.
Nangoja.
Maji yana akili ya mwizi:
unapoyakuta sipo yalipoingilia.

Ndipo nikaliona. Tone moja, kwenye shina la antena.
Likavimba. Likafikiri. Likaachia,
likateremka ubavuni, likaizunguka boliti,
likapita nyuma ya taa bila hodi
na kudondoka shimoni mwa tairi,
hatua nzima kutoka lilikozaliwa.

Antena! Tundu alilitoboa mwenyewe, kwa keekee ya kuazima,
ili nisikie kwaya tukiwa mlimani.
Hakuweka pete ya mpira. Aliitafuta jioni nzima.
Nami naijua ilipo:
nyeusi, upana wa sarafu, kwenye kopo langu la vifungo,
nilikoitupia nikidhani ni ya birika.

Nikacheka humo gizani hadi mbavu zikauma.
Gethin akadhani nalia, akafungua bila kungoja mgongo,
mpira wa maji mkononi, wote ukanimwagikia usoni.

Kutu haikuchekesha.
Ilikuwa imelala chini ya rangi, imejifunika vizuri;
kila lengelenge nililolichokoa lilikuwa na wenziwe.
Brashi ya waya, msasa mkavu, msasa laini,
vumbi la mdalasini likatua kwenye nyusi zetu.
Mahali pamoja bisibisi ikapita moja kwa moja.
Gethin akalala chali kwenye nyasi:
"Naona jicho lako, Bi Pritchard!"

Basi. Ufa sikuuziba, nikajenga ukuta.
Si mkubwa; unaenea kiganjani,
nimeukata kwenye bati la biskuti, kipande chenye kondoo,
nikaubandika, nikaupaka rangi ya kuzuia kutu mara tatu,
kondoo akazama kwa utaratibu.
Pete ya kopo ilikatika nilipoivuta. Uzee.
Mpya niliipata kwa bei ya mkate,
na duka zima halikujua kwa nini mikono ilinitetemeka.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri.
Nikafungua buti, nikapitisha mkono chini ya zulia,
nikaupitisha tena, pole pole, pembeni kote.
Pakavu.
Nikabaki nimesimama na kikombe,
hakuna cha kuchota.

Nikaenda nacho bombani, nikakijaza,
nikayamwagia mawaridi.
"Bi Pritchard," Gethin akaita dirishani, "mvua inanyesha!"
Najua, mwanangu. Najua.