Tundu la Sikio

Mama yangu alishona kofia kule Sib,
tundu kwa tundu,
uzi wa rangi ya kahawa iliyolala,
miezi minne kofia moja, riali arubaini,
na mnunuzi bado anaomba apunguziwe.

Jirani alipoliiga ua lake
nilitaka kwenda kugombana mlangoni.
Mama hakuinua macho.
"Mwache. Ua ameliona.
Tundu la sikio hajaliona."

Kila kofia, upande wa sikio la kushoto,
aliacha tundu moja bila kulizungushia uzi.
Hulijui mpaka uambiwe,
na hakumwambia mtu.

Mimi sindano ilinishinda.
Mchana naandika majina ya wagonjwa hospitali,
usiku naandika alivyokuwa akisema,
kile Kiswahili alichoteremka nacho kwenye ndege
pamoja na mbuzi ya nazi
ambayo watu wa forodha waliidhani silaha.

Basi Ijumaa ya pili ya Shaabani, ukumbi wa Mabela,
viti vya dhahabu vimebaki na riboni za harusi ya jana,
akapanda jukwaani Bwana Muhenna,
kanzu imenyooka kama karatasi mpya,
akafungua kinywa
akamtoa mama yangu.

Neno kwa neno. Na vituo vyangu.
Pale nilipokosea mwezi, nikaandika wa nane na ulikuwa wa tisa,
na yeye akakosea.
"Mama yangu," alisema,
"siku ilipofika barua kutoka Unguja
alitia chumvi kwenye chai,
akainywa yote."

Makofi. Mwanamke wa mbele yangu
akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.
Na mimi, niseme kweli, nililia,
kisha nikakumbuka kuwa nalia vyangu.

Mpwa wangu akaninong'oneza: mshitaki, shangazi.
Sheria ipo. Kuna wakili Ruwi,
ukimlipa anaandika barua yenye muhuri.
Nikawaza, pale penye "mali iliyoibwa" nitajaza nini?
Bibi mmoja, marehemu,
mwenye kikohozi na miwani ya uzi?

Kumbe safu ya kwanza kulikuwa na mwenyewe.
Bi Thurea, mamake Muhenna, fimbo mapajani,
masikio mazito, sauti nzito zaidi:
"We Muhenna! Mama gani huyo?
Mimi chai nimeacha tokea nipasuliwe tumbo.
Na chumvi ya nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Naye akacheka, kidogo.
"Ni ushairi, mama."
"Ushairi naujua. Nauliza chumvi ya nini."

Akaitazama karatasi.
Akaigeuza.
Nyuma hapakuwa na kitu.

Sikupanda jukwaani. Magoti yangu yenyewe
yalinipeleka mpaka kiti cha mbele, nikachutama
upande wa sikio la kushoto, ndilo linalosikia,
nikamwambia chumvi ilikuwa ya nini.

Hapa siandiki.

Alinishika mkono asiuachie.
Vidole vyake vilinuka karafuu na dawa ya kuchua.
"Akiitwa nani?"
Nikamtajia polepole.
Na yeye, kama wafanyavyo wasiosikia vizuri,
akalirudia jina kwa nguvu zake zote:
"GHANIYA BINTI SLEYUM!"
Mpaka wale vijana wa kugawa halua mlangoni
wakageuka kumtafuta.

Siku ya tatu Muhenna akanipigia simu.
Radhi hakuomba, au labda ilikuwa njiani.
Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyekosa usingizi,
ile chumvi, bibie, ilikuwa ya nini?

Nikamwambia kofia ni riali arubaini
na hakuna kupunguza.

Simu ikanyamaza.
Kwa nyuma nikamsikia mamake
akiuliza kama ni mimi.