Jicho la Panya

Kapteni aliagiza miungu sabini na wawili
wachorwe juu ya ulanga,
vipande vyembamba kama ganda la kitunguu,
wote watoshe sanduku moja la bati.
Karani wake, Ponnusami, akapanga bei kwa mikono:
mikono miwili, robo rupia;
minne, nusu;
Durga, kwa sababu ya simba, walimbishania hadi adhuhuri.

Hiyo ndiyo Tiruchirapalli niliyokulia,
chini ya jabali lenye hekalu utosini,
mimi Alamelu, msaga rangi.
Nyeusi niliikwangua kwenye masizi ya taa.
Nyekundu ilitoka sokoni ndani ya jani la mgomba.
Buluu siku hizo ilikuja na meli, kali mno;
baba alisema Krishna sasa anafanana na mtu aliyepigwa.

Jicho, kwa desturi, huja mwisho.
Mchoraji hufunga, huoga, huingojea alfajiri,
kisha hutia nukta mbili
na kilichokuwa rangi huwa mgeni ndani ya nyumba.
Lakini meli ilikuwa ing'oe nanga Madrasi Alhamisi.
Baba akatia macho yote jioni moja,
kama fundi anayeshona vifungo,
na kila mboni akaiacha wazi katikati:
ukiinua ulanga
unaona ukuta kupitia jicho la Shiva.

Nikamuuliza.
Akasuuza brashi yake ya manyoya ya kindi,
akaisuuza tena, ingawa ilishatakata.
"Huko waendako watalazwa kwenye droo.
Heri wasione."

Usiku nikawapanga, pamba kati ya mmoja na mwenziwe.
Nilipofika kwa Ganesha mkono ukasita.
Yeye sikumgusa. Naapa sikumgusa.
Lakini miguuni pake, konani, kulikuwa na panya wake,
kadiri ya punje ya mpunga,
ambaye Ponnusami hakumtilia bei.
Sikuwa nimefunga. Sikuwa nimeoga.
Vidole vyangu vilinuka vitunguu.
Nikachovya unywele mmoja katika masizi
nikamziba tundu.

Akanitazama.

Miaka arobaini sasa. Baba tulimchoma kando ya Kaveri,
Kapteni naye, nadhani, yuko chini ya nyasi za kwao.
Katika nyumba nisiyoijua, ndani ya droo,
miungu sabini na wawili wamelala usingizi wa vipofu,
na mmoja yu macho,
anajua mbao zile kwa ndani,
anajua ufa uko wapi.

Na meno nilimchorea.