Imeganda

Jumatatu, saa mbili na robo, simu ya kwanza ni ya Lorne,
ghorofa ya nne, idara ya maji.
Kishale kimesimama katikati ya kioo
kama nzi aliyenasa asalini.
Imeganda, nasema kwa lugha yangu, kwa sauti ndogo,
kisha kwa lugha yake namwambia:
zima, hesabu kumi, washa.
Miaka sita hapa Winnipeg
nakula kwa maneno hayo.

Dirishani, mto Assiniboine nao umeganda.
Watoto wanauchora kwa viatu vya visu
na hakuna anayepiga simu kuulalamikia.

Korogwe, kuganda kulikuwa habari njema.
Shangazi Mwantumu alikiinua kibuyu alfajiri,
akakitikisa kidogo, akatega sikio:
yameganda!
Siku hiyo tulinunuliwa madaftari.
Na sasa binti yangu Salha kila asubuhi
huniganda mlangoni, buti moja mguuni,
ganda la yai bado kidevuni.
Neno moja, mizigo yote hiyo,
wala hakuna anayelionea huruma.

Februari, Shemdoe alipiga kwa video kutoka wodini.
"Ni damu," alisema. "Imeganda. Kwenye kigimbi.
Wametukataza kuukanda mguu."
Halafu akasema, "Mama ame—"
na picha ikasimama,
mdomo wake wazi, jicho moja nusu limefumba.

Ame.
Mnaoijua lugha hii mnajua ni mlango gani huo,
na vyumba vilivyo nyuma yake.
Amepona. Amezidiwa. Ameuliza habari zako.
Chumba kile kingine sikukitaja.
Nikahesabu kumi.
Sikujua nizime nini, niwashe nini.

"—melala," ikasema simu. "Anakoroma, sikiliza."
Nikausikiliza mkoromo wa mama
ukinijia vipande vipande,
na kila kipande kizima.

Lorne ameshalishika neno, kalisikia mara nyingi mno.
"Imekanda," ananiambia leo, kwa fahari ya mwanafunzi.
Kompyuta imekanda!
Imekanda unga? Mgongo wa nani?
Simsahihishi.
"Zima," namwambia. "Hesabu."
Naye anahesabu kwa sauti, polepole,
na mimi nangoja naye
mpaka kumi.