Fuma wa Sebuleni

Badi alimleta ndani ya ndoo ya rangi,
kifuniko kimetobolewa matundu matatu kwa msumari.
"Usinikasirikie," akasema, nami sijauliza kitu.

Tunakaa Tudor, ghorofa ya tatu.
Tangu siku ile meza ya cherehani yangu
imebeba bahari: vioo vinne, mchanga, jabali moja,
na pampu inayokoroma kuliko mwenye nyumba.

Mimi na fuma tuna kesi ya zamani.
Nilikuwa na miaka tisa, maji yametoka, Nyali,
nikakanyaga mwamba bila kutazama.
Shangazi Mwanakhamisi alinitilia utomvu wa papai,
akanigonga kisigino kwa jiwe, miiba ivunjikie ndani,
akisema lia, kulia ni nusu ya dawa.
Nukta ingalipo. Nikijisugua miguu naipapasa.

"Huyu si yule," Badi aniapia.
Yule mweusi, miiba kama sindano za magunia;
huyu ana miiba mifupi, ncha nyeupe,
naye ni mtu wa kujifunika.
Hukwangua mwani kiooni kwa meno yake matano,
na kila apitapo huokota, hujitwika:
gamba la chaza, kijani kilichooza,
siku moja kifungo cha kanzu.
Sote jina letu moja:
mimi nafuma vitambaa, yeye afuma nyayo.

Lakini maji!
Ya bomba huja Jumanne, yakikumbuka.
Ya kisima, sabuni haitoi povu.
Joto hunywa bahari ya Badi kidole kizima kwa wiki,
chumvi hubaki, basi sharti aongezwe maji matamu,
matamu! ya mkokoteni wa Mulwa, dumu shilingi hamsini.
Kiumbe wa pwani anywa matamu,
nami binti wa Mvita naoga chumvi.
Nilimwambia hivyo mbele ya wageni.

Kisha usiku stima ikapotea.
Badi yuko zamu, Kilindini.
Pampu ikanyamaza; kimya ndicho kilichoniamsha.
Nikamulika simu:
ameanguka kiooni, yu mchangani,
miiba imelala kama nywele zilizolowa,
mitano, sita, imeng'oka.

Nikachukua upawa wa pilau.
Nikachota, nikamimina toka juu,
nikachota, nikamimina, hewa iingie,
kama mtu apozaye uji wa mtoto.
Mkono wa kulia. Wa kushoto.
Saa nane. Saa tisa.
Nilimtukana, sikwambii,
matusi yote niliyomwekea tangu Nyali,
na sikuacha kuchota.

Badi aliporudi aliukuta upawa umekaukia chumvi,
akauliza nani kapika kwa maji ya bahari.

Fuma hajapanda kioo bado.
Mwiba mmoja wasogea, au ni mimi nimechoka.
Nimekata kipande cha mwani, naingiza mkono majini,
naushika mchangani, karibu na kinywa chake.
Safari hii natazama.