Milimita

Njomba wangu, Bakiri Chitanda wa Mkunya,
maneno yake yalikuwa manyunyu.
Alikuwa na chupa ya kioo, faneli ya bati
na kigingi cha mninga alichokichonga mwenyewe,
akakikita hatua tisa kutoka ukutani,
tisa, si nane, alirudia kuzihesabu,
ili maji ya paa yasijipenyeze
kwenye hesabu za Mungu.

Kila siku, saa tatu kamili asubuhi:
koti la kahawia, kifungo kimoja cha rangi ya ugenini,
kalamu nyuma ya sikio.
Alichuchumaa, akafumba jicho la kushoto,
akasoma ule mstari kama asomaye barua ya deni.
Na maji yale hakuyamwaga ovyo,
aliyatia kwenye ndoo ya kunawia,
maana Newala ni Newala,
na tone likishapimwa halijaacha kuwa tone.

Siku ya ndoa ya Somoe, binti yake,
sheikh ameshanyoosha mkono,
njomba akatazama saa, akaomba radhi, akatoka.
Mkazamjomba Esha akashika shavu:
"Huyu hakunioa mimi. Kaoa chupa."
Akarudi anafuta vidole kwenye kanzu.
"Sifuri nukta nane," akamwambia sheikh. "Haya, bismillahi."

Bwana shamba aliyempa kazi ile alihamishwa.
Wa pili alichukua nakala miaka miwili, kisha akanyamaza.
Wa tatu aliuliza kama ni mtego wa nzi.
Njomba alicheka mpaka akapaliwa,
na kesho yake akaendelea.
Redio ikitangaza mvua kubwa Kusini,
aliipunguza sauti kwa upole:
"Wewe unatabiri. Mimi nashuhudia."

Kauntabuku kumi na saba,
nimezikuta uvunguni, ndani ya mfuko wa salfa;
hata sasa vidole vyangu vinanuka mikorosho ya mwezi wa sita.

*22.0. Korosho za uani zimelowa. Esha hasemi nami.*
*0.0. Nimemsindikiza dada, basi la Masasi. Vumbi.*
*41.5! Kisima kimejaa hadi mdomoni. Watoto wamechungulia. Nimewachapa. Nimejuta.*
*0.0.*
*0.0.*
*0.0.*

Kurasa nzima za sifuri,
na kila moja kaizungusha kwa mkono uleule,
hakuna hata moja aliyoifupisha kwa kistari.
Nilikuwa wa darasa la pili nilipomuuliza:
njomba, si hakuna kitu? Unaandika nini?
Akanimenyea mng'oko, akauchovya kwenye chumvi na pilipili,
akasubiri nitafune.
"Hakuna kitu ni kitu.
Usipokiandika kiangazi,
watakuja watu waseme mvua ilikuwapo."

Siku asizopima hakuzibuni.
*Sikuwepo. Ndanda, hospitali.*
*Sikuwepo. Ndanda.*
*Sikuwepo.*
Ukikisia, alisema, umeshadanganya,
na mvua haina wa kuitetea.

Tulimzika Ijumaa, mvua inatuchapa migongo,
udongo mwekundu umetupanda hadi magotini,
mikeka imebebwa juu kama miavuli.
Ilikuwa mvua ya kumfanya akimbie na koti lake.
Hakuna aliyeikumbuka chupa.
Asubuhi nikaikuta imelala ubavu, tupu,
na nyayo za mbuzi pembeni.

Mdogo wangu Hashimu akasema andika ishirini,
andika thelathini, nani atajua?
Nikakaa kizingitini na kauntabuku ya kumi na saba,
kalamu imekauka kwa kungoja.

Mbele ya tarehe ile nimeandika: *Hukuwepo.*

Na chini yake, Jumapili:
*3.2. Nimesoma kwa jicho la kulia.
Maji nimempa Esha. Amenawa uso.*